Mvi si ushahidi: dhana potofu kuhusu mauaji Malindi na vijiji vyake

Mzee akikutwa amekatwa mapanga huko Ganze, Magarini au bara ya Malindi, katika kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya, neno linalosemwa hujulikana kabla hata maiti haijafikishwa mochari: "Alikuwa mchawi." Husemwa kwa sauti ya chini, na kwa wengi habari huishia hapo. Kwangu mimi, hapo ndipo maswali yanapaswa kuanza.

Dhana: Wazee wanauawa kwa ajili ya uchawi

Ulizia shamba kwanza. Ardhi nyingi huku imeandikwa kwa jina la babu aliyekufa zamani, au haina hati kabisa. Chanzo chake ni cha kikoloni: sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 iliwapa karatasi watu wachache waliowahi kudai ukanda wa pwani, na Wamijikenda wengi, wenyeji wa pwani hii, wakabaki kulima ardhi isiyo yao kisheria. Pasipo hati, ushahidi wa mpaka ni kichwa cha mzee. Yeye ndiye anayejua kwamba shamba la ukoo linaishia kwenye mkwaju ule, na kwamba upande wa pili waliazimwa tu watu wa kuja. Akishika msimamo kwamba ardhi haiuzwi, haiuzwi.

Sasa mnunuzi anafika na vijana wanataka pesa. Mzee anakataa. Baada ya muda mtoto wa nyumba ya pili anaugua, au kijana anaanguka na bodaboda. Watu wanakwenda kwa mganga kupiga mburuga, yaani kupiga ramli, na jina linalotoka ni la mzee yuleyule. Habari inazungumzwa matangani na mangweni, kwenye vilabu vya mnazi. Kisha inaingia barua isiyo na jina chini ya mlango: hama, au tutakuhamisha. Wakati huo mzee angali hai, na karibu kijiji kizima kinajua kinachokuja.

Ndiyo maana wanaume watu wazima huku wananunua piko, rangi nyeusi ya kupaka. Si mapambo ya harusi. Wanapaka kichwani kuficha mvi, kwa sababu kichwa cheupe peke yake kimekuwa mashtaka. Mzee anachuchumaa uani, mjukuu anampaka kwa mswaki wa zamani, na wiki chache baadaye mizizi ya nywele imetoka tena nyeupe, anaanza upya. Wengine wamekimbilia Kaya Godoma, Ganze, ambako Chama cha Utamaduni cha Wilaya ya Malindi, MADCA, kimewahifadhi wazee waliotishiwa kuuawa. Mtu ana nyumba na minazi yake aliyoipanda kwa mkono wake, na bado analala kwenye kibanda cha hifadhi ndani ya kaunti hiyohiyo. Hili linaniuma kuliko ninavyoweza kueleza.

Wapo wanaodhani sheria itawaelewa: "Niliamini ananiroga." Haiendi hivyo. Tangu mwaka 1951 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilikwisha kuweka wazi kwamba kuamini tu kuwa umerogwa hakutoshi kupunguza kosa la kuua. Tena Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925, ambayo watu huinukuu dhidi ya wazee, inamtia hatiani pia anayemtangaza mwenzake kuwa mchawi badala ya kupeleka malalamiko yake kwa polisi au chifu.

Dhana: Muuaji ni mtu baki

Tunafunga milango tukiogopa majambazi, na majambazi wapo. Lamu inakumbuka Mpeketoni, Juni 2014, ambako wavamizi waliua watu zaidi ya 60. Lakini mauaji ya namna hiyo ndiyo yanayovuma, siyo yale yanayotokea nyumba hadi nyumba. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, wanawake na wasichana wapatao 85,000 waliuawa kwa makusudi duniani mwaka 2023, na 51,100 kati yao waliuawa na waume, wapenzi au jamaa zao. Ni kama watu 140 kila siku, mikononi mwa watu wanaokula nao. Kwa upande mwingine, katika jumla ya wanaouawa duniani takriban wanane kati ya kumi ni wanaume, na wanaoua pia ni wanaume kwa wingi mno. Ugomvi wa pombe, wa deni, wa heshima mbele za watu: kwa wanaume ndiyo njia ya kawaida ya kufikia kifo.

Dhana: "Alipandwa na hasira tu"

Hasira ipo, ila huwa imetanguliwa na mengi. Mume aliyewahi kumkaba mkewe koo ametoa dalili nzito kuliko makofi kumi, hata kama hakuacha alama. Na wakati wa hatari zaidi kwa mwanamke ni pale anapoondoka au anaposema anaondoka. Kwa hiyo anaporudishwa kwa mumewe na wazee baada ya kikao cha jioni moja, "mkayamalize nyumbani," anarudishwa mahali pabaya kabisa kwa wakati mbaya kabisa.

Na wazo kwamba muuaji lazima awe kichaa? Wengi wanaoua hawana ugonjwa mzito wa akili. Mgonjwa wa akili anayezurura sokoni yuko katika hatari ya kupigwa zaidi kuliko sisi tulivyo katika hatari ya kupigwa naye.

Dhana: Kuua ni panga au risasi

Malindi haiwezi kusema hivi tena. Kuanzia Aprili 2023, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, ya waumini wa dhehebu moja wanaodaiwa kuambiwa wafunge kula hadi kufa. Uchunguzi wa maiti ulionyesha wengi walikufa kwa njaa, na baadhi walinyongwa au kupigwa. Kesi ziko mahakamani na mahakama ndiyo itakayoamua nani ana hatia. Lakini kifungu cha 203 cha Kanuni ya Adhabu kinataja kitendo na pia kutotenda. Kumnyima mtoto chakula kwa nia mbovu hadi afe kunaweza kuwa mauaji, hata kama aliyemnyima ni mzazi wake na alikuwa akisali.

Vilevile kundi linalomchoma mtu anayeitiwa mwizi. Aliyeleta tairi, aliyeleta petroli na aliyemshika mikono, sheria inawahesabu wote kama waliotenda pamoja.

Dhana: Wakinyongwa, yatakoma

Kenya haijamnyonga mtu tangu mwaka 1987, na mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila kesi ya mauaji ni kinyume cha Katiba. Mwenye kumwinda mzee wake hakai akafikiri kamba. Anafikiri kwamba hakuna atakayetoa ushahidi, na mara nyingi anafikiri sawasawa.

Basi barua ya vitisho isichanwe wala ujumbe wa simu usifutwe. Ipelekwe kituoni, iandikwe kwenye kitabu cha matukio (OB), na asiondoke mtu bila namba ya OB. Kwa mwanamke au mtoto anayepigwa nyumbani, 1195 inapigwa bure. Na mzee anayetishwa kuhusu shamba apewe shahidi wa pili: mipaka iandikwe na itembelewe na ukoo wote angali hai, chifu akiwepo, ili kumuua kusimpatie mtu yeyote ekari hata moja.