Rivasi Ikigoma, Usikimbilie Kisekka

Wiki hii dada mmoja kaniletea Kikumi, Corolla otomatiki ya miaka ya 90. Mbele inakwenda vizuri, rivasi haishiki kabisa. Ameshaambiwa giaboksi imekufa, na pesa za giaboksi ya mtumba kutoka Kisekka, soko la spea la Kampala, alikuwa nazo mkobani. Hukumu hiyo nimeisikia mara nyingi mno, na inanikera kwa sababu inawamalizia watu akiba. Giaboksi ya mtumba nayo ina mipira ya ndani, ile inayozuia oili isivuje, ya umri uleule!

Oili ya giaboksi kwanza. Gari liwe limepata moto, injini inanguruma, pitisha gia zote, rudisha P, ndipo uchomoe kijiti cha kupimia. Ukipima Toyota hizi injini imezimwa, kijiti kitakuonyesha oili tele hata kama imepungua. Taa ya O/D OFF kwenye dashibodi ikipepesa, unganisha TE1 na E1, vishimo viwili vya plagi ya uchunguzi, uhesabu mipepeso: 62 na 63 ni solenoidi (vali za umeme za giaboksi), 42 na 61 ni sensa za mwendo. Basi.

Sasa rivasi yenyewe. Katika giaboksi hizi za gia nne, rivasi inahitaji klachi C2 na breki ya ndani B3, zote mbili kwa pamoja. Ukiwa D, gia ya kwanza inashikwa na klachi ya njia moja, inayoshika upande mmoja tu, badala ya B3, ndiyo maana gari linaenda mbele na fundi anachanganyikiwa. Lakini ukiweka L, B3 inaingia kazini. Kwa hiyo teremka mlima polepole ukiwa L, uachie mafuta. Injini ikilizuia gari, B3 ni nzima, mshuku C2. Gari likiserereka kama liko nyutro, mshuku B3 kwanza. C2 ina shahidi mwingine: ndiyo inayoleta gia ya tatu. Ikifa, gari linafika ya pili, lakini ya tatu haishiki. Hayo yote bila kushika spana.

Oili nyeusi inayonuka kuungua bado inanisumbua. Nimewahi kuibadilisha gari likadumu miaka. Nimewahi kuibadilisha likaanza kuteleza wiki ileile. Siku hizi namweleza mwenye gari yote mawili kabla sijalegeza nati, achague mwenyewe.

Kikumi cha dada tulikishusha mlima wa Mutundwe kikiwa L. Kikaserereka. Tulipofungua, mipira ya pistoni ya B3 ilikuwa imekauka, migumu kama plastiki. Klachi zote zilikuwa na nyama ya kutosha.