Sekondari kubwa za Chicago zilivyoisha

Shule ikitaka kufungwa, wakubwa huja na matokeo ya mtihani mkononi. Mimi kazi yangu ni bajeti za elimu, kwa hiyo huanza na rejista ya uandikishaji.

Chukua DuSable, kusini mwa Chicago. Ilifunguliwa mwaka 1935, wakati Wamarekani Weusi wakimiminika kutoka majimbo ya Kusini. Mwimbaji Nat King Cole alisoma pale, mwimbaji mwenzake Dinah Washington pia, na Harold Washington, aliyechaguliwa mwaka 1983 kuwa meya wa kwanza Mweusi wa jiji hilo. Muziki ulifundishwa na Kapteni Walter Dyett, mwalimu mkali asiyecheka na noti mbovu. Wingi wa watoto ndio uliomlipa: shule iliyojaa inaweza kumweka mwalimu wa bendi, wa Kifaransa, wa fizikia na wa ufundi, na kila mmoja akapata vipindi vya kutosha.

Kisha watu wakahama. Maghorofa 28 ya makazi ya umma yaliyoitwa Robert Taylor, jirani na shule, yalibomolewa moja baada ya jingine hadi la mwisho mwaka 2007. Shule za mkataba, zinazolipiwa na serikali lakini kuendeshwa na watu wengine, zikavuta sehemu ya waliobaki. DuSable yenyewe ikavunjwa, jengo likagawiwa shule ndogo ndogo.

Mwaka 2013 Chicago ikaanza kugawa fedha kwa idadi ya vichwa, utaratibu iliouacha mwaka 2024. Inasikika kama haki, sivyo? Sasa tuseme shule imepoteza wanafunzi 100. Hawakutoka chumba kimoja. Wametoka wawili huku, watatu kule, kwa hiyo hakuna darasa la kufuta. Boila inapasha joto jengo zima kwenye baridi ya Januari, paa linavuja vilevile, mkuu wa shule ni yuleyule mmoja. Kinachokatwa ni kile ambacho sheria haikilazimishi: bendi, Kifaransa, mkutubi. Mzazi mwenye pa kwenda akiona hivyo anamhamisha mwanawe, na mwakani fungu linapungua tena. Wastani wa mtihani unashuka baadaye, wanapobaki wasio na pa kwenda. Ndipo wakubwa wanapokuja.

Ukatili zaidi ni kufunga polepole. Sekondari ya Dyett, iliyopewa jina la mwalimu yuleyule, iliamuliwa mwaka 2012 isipokee kidato kipya. Mwishoni watoto walisoma hata elimu ya viungo kwenye kompyuta. Ndiyo, mazoezi ya mwili, kwa intaneti! Ilipofungwa mwaka 2015, wazazi na wanaharakati waligoma kula siku 34, na mwaka uliofuata ikafunguliwa upya kama shule ya sanaa.

Sisemi kila jengo libaki wazi. Sekondari yenye watoto 30 haina timu wala maabara ya maana, na mtoto anahitaji wenzake. Lakini ukifunga, waliomo ndani wawe wa kwanza kufikiriwa. Pale Englewood, mtaa wa Chicago, sekondari ya Robeson ilifungwa mwaka 2018 na kubomolewa. Mwaka 2019, kwenye kiwanja hichohicho, ikafunguliwa shule mpya ya dola milioni 85. Ilianza na kidato cha kwanza tu. Waliokuwa Robeson walishapangiwa shule nyingine.