Vitone vya wino kwenye kipara: maswali ya wanaume na majibu yake

Hii wanayoiita "tatuu ya nywele" ni kitu gani?

Ni wino unaoingizwa kwenye ngozi ya kichwa kwa sindano nyembamba, kitone kimoja kimoja, mpaka vitimie maelfu. Kila kitone huigiza unywele uliotoka kunyolewa. Kazi ikifanywa vizuri, anayekutazama hudhani una nywele zote ila umependa kunyoa. Hakuna unywele utakaoota, na zinazoanguka zitaendelea kuanguka. Huu ni urembo, si tiba. Anayekuambia vingine anataka hela yako.

Naambiwa kipara nimekitoa kwa mjomba. Ni kweli?

Kwa sehemu. Kipara cha kawaida cha wanaume hutokana na urithi pamoja na DHT, homoni inayotengenezwa mwilini kutokana na testosteroni. Homoni hiyo husinyaza mashina ya nywele kwenye pembe za paji na utosini. Nywele huota nyembamba, kisha fupi, kisha hazionekani tena. Za kisogoni na juu ya masikio huistahimili, ndiyo maana wazee wengi hubaki na ule ukanda wa pembeni. Jeni moja yenye uzito iko kwenye kromosomu X, ambayo mwanamume huipata kwa mama yake, kwa hiyo wanaowatazama wajomba hawakubahatisha tu. Lakini jeni zinazohusika ni nyingi, na za baba zimo.

Mimi nywele zimetoka kwa mabaka. Nichore?

Usichore kwanza. Mabaka yanaweza kuwa mapunye, kinga ya mwili kushambulia mashina ya nywele, au hata kaswende iliyofika hatua ya pili. Yote haya yana matibabu, na wino utayafunika tu. Muone daktari wa ngozi. Tanzania, kwa mfano, Hospitali ya KCMC mjini Moshi ina kituo cha kanda kinachofundisha magonjwa ya ngozi tangu 1992.

Kwa nini nisitumie dawa badala yake?

Ukiwahi, dawa zinaweza kusaidia. Minoksidili ya kupaka iliidhinishwa Marekani kwa wanaume mwaka 1988, na vidonge vya finasteridi vya miligramu 1 mwaka 1997. Ukiziacha, nywele zilizookolewa hupotea ndani ya miezi. Finasteridi huwapunguzia baadhi ya wanaume hamu ya tendo la ndoa, na mjamzito hatakiwi kugusa kidonge kilichovunjika. Utosi uliokwisha kung'aa kwa miaka hauna mengi ya kutarajia kutoka dawa hizi.

Ngozi nyeusi inafaa kuchorwa?

Rangi yenyewe si tatizo. Wino mweusi kwenye ngozi nyeusi huweza kupendeza sana. Tatizo ni makovu. Sisi wenye ngozi nyeusi hupata keloidi kuliko wengine, yaani kovu linaloendelea kukua kupita ukubwa wa jeraha. Jikague kabla hujauliza bei: je, chanjo ya begani, kipele cha kifuani au tundu la sikio liliwahi kukuachia uvimbe mgumu? Una vile vipele sugu vya kisogoni vinavyokuja baada ya kunyolewa? Ukijibu ndiyo, ushauri wangu ni uachane na sindano hii. Kuna wachoraji wanaokuchora vitone vichache vya majaribio na kukuita baada ya wiki mbili. Ni jambo zuri, lakini keloidi inaweza kujitokeza baada ya miezi, kwa hiyo usilichukulie kama cheti. Mwenye pumu ya ngozi au vidonda kichwani naye asubiri apone.

Naweza kuambukizwa ugonjwa?

Ndiyo, kama vifaa si safi. Homa ya ini aina ya B na C, na VVU, hupita kwenye sindano iliyotumiwa na mtu mwingine. Kirusi cha homa ya ini B huweza kuishi nje ya mwili siku saba au zaidi, na kupangusa sindano kwa spiriti hakutoshi. Sindano ifunguliwe mbele ya macho yako, wino umiminwe kwenye kikombe kipya, na glavu ziwe mpya. Mchoraji akikereka ukiuliza, inuka uondoke.

Inachukua muda gani?

Kwa kawaida unarudi mara mbili hadi nne, kwa nafasi ya wiki moja au zaidi, na kila mara unakaa saa kadhaa. Hupakwa ganzi, lakini utaisikia. Siku za mwanzo epuka jasho, bwawa la kuogelea na jua kali. Baada ya miaka michache wino hufifia, na utalipa tena kuuongezea.

Nitaendelea kunyoa?

Hili ndilo swali ambalo wengi hulisahau. Utanyoa kila siku moja au mbili, kwa mashine iliyoshushwa kabisa, miaka yote. Nywele za pembeni zikirefuka kidogo tu, utosi uliochorwa utaonekana bapa na siri itatoka. Mvi nazo zinakuja huku vitone vikibaki vyeusi. Usikubali pia mstari wa paji ulionyooka kama wa rula. Ukiwa na miaka 50 utaonekana kituko.

Kama uko tayari kunyoa hivyo maisha yote, jaribu kwanza kunyoa bila kuchora. Ni karibu bure.

Udhu unapita?

Wino uko ndani ya ngozi, hauzuii maji. Lakini wanazuoni wengi wa Kiislamu huiharamisha tatuu ya kudumu, na hapo mwenye jibu ni shekhe wako.

Nisipoipenda, inafutika?

Kwa leza, kwa awamu kadhaa na gharama tena. Wino mweusi huitikia leza vizuri, ila kwenye ngozi nyeusi leza isiyofaa huweza kuacha mabaka meupe au meusi. Wino uliozamishwa mno husambaa na kugeuka samawati, na huo ni mgumu zaidi kuondoa. Kwa hiyo omba uone picha za wateja waliochorwa miaka miwili au mitatu iliyopita, wenye ngozi kama yako, si za waliotoka kitini leo.