Nani hakuja mkutanoni?

Kazi yangu ni kuwafundisha wananchi kufuatilia fedha za umma. Nikifika kwenye mtaa wowote hapa Dar es Salaam, kabla ya kuomba taarifa ya mapato na matumizi naomba kwanza daftari la mahudhurio ya mkutano wa mtaa. Nataka kujua nani alikuwepo wakati taarifa hiyo inasomwa.

Mtaa mmoja wilayani Temeke, mkutano ulipangwa saa nne asubuhi, Jumanne. Saa hizo mama lishe anachambua mchele, bodaboda yuko kijiweni, dada wa kazi hana ruhusa ya kutoka. Ofisi yenyewe ina ngazi. Baba mmoja mwenye baiskeli ya magurudumu matatu alibaki nje, chini ya dirisha. Mtendaji alipofika kwenye mikopo ya halmashauri akasoma mbiombio, na yule baba akagonga nondo za dirisha: "Mwenyekiti, hapo parudiwe!" Watu wakageuka. Wengi hawakujua kama yupo.

Alikuwa anadai kilicho chake. Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, ukiondoa vyanzo lindwa (mapato ambayo tayari yametengewa kazi maalumu), kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 Serikali iliisimamisha mikopo hiyo kwa sababu ya kasoro, vikiwemo vikundi hewa, yaani vikundi vya wakopaji vilivyokuwepo kwa jina tu, kisha ikairejesha 2024 kwa utaratibu mpya.

Mimi naamini kikundi hewa hustawi pale wahusika wa kweli wanapokosa nafasi mkutanoni. Mkaguzi huletewa katiba ya kikundi, muhtasari na picha za pasipoti. Jirani ndiye anayejua kwamba hao "washonaji" hawana hata cherehani moja.

Kwa hiyo omba mkutano uwe Jumapili alasiri, uwanjani, na mkalimani wa lugha ya alama awepo. Tangazo lipite kwa kipaza sauti, si kubandikwa ubaoni tu. Ukinyimwa taarifa, andika barua ukitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Ofisi ina siku 30 za kukujibu. Peleka nakala mbili, na usiondoke kaunta kabla nakala yako haijagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Siku 30 zinahesabiwa kuanzia hapo.