Je, wajua kwa nini sahani ya dagaa Kigoma hupanda bei mwezi unapong'aa?

Nilipohamia Gungu, pembezoni mwa mji wa Kigoma, kitu cha kwanza nilichokitafuta baada ya godoro na ndoo kilikuwa mahali pa kula. Jiko sikuwa nalo bado, na mfuko haukuruhusu kuingia hotelini kila siku. Wiki ya kwanza nikampata mama lishe mmoja kule mtaa wa Mwanga: ugali wa muhogo, dagaa wabichi waliokaangwa kwa mawese, nyanya kidogo na pilipili pembeni. Shilingi 2,000, na unainuka umeshiba. Siku chache baadaye sahani ileile ikawa 3,000, tena dagaa wenyewe unaweza kuwahesabu.

"Shikamoo mama. Mbona leo hivi?"

"Marahaba, baba. Mwezi umetoka. Subiri giza, watarudi."

Hakuwa anazungumzia jioni ya siku ile. Giza alilolisema ni usiku usio na mbalamwezi ziwani, na hilo lilikuwa bado zaidi ya wiki moja. Mji huu una bei mbili za samaki, bei ya giza na bei ya mwezi. Mgeni asiyelijua jambo hili huhama kibanda hadi kibanda akidhani anapunjwa. Akilijua, anakula vizuri mwezi mzima kwa pesa ileile.

Sababu iko majini. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mchana hushuka kilindini kuwakwepa samaki wakubwa wanaowala, na jua likizama hupanda juu kufuata vijidudu vidogo vinavyoelea majini, ambavyo ndivyo chakula chao. Mvuvi huning'iniza taa juu ya maji na kusubiri. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi wengi wanatumia taa za betri na sola. Vijidudu husogea kwenye mwanga, dagaa huvifuata, na kundi likishakusanyika chini ya taa wavu unainuliwa. Usiku wa giza totoro, ukisimama Bangwe na kutazama ziwa, taa ni nyingi kiasi kwamba utadhani ng'ambo ya Kongo imesogea karibu.

Sasa weka mwezi mpevu juu ya picha hiyo. Ziwa zima limeangazwa, kwa hiyo taa ya mvuvi haina tena cha kumwambia dagaa. Hakuna sehemu moja yenye mwanga kuliko nyingine, kundi linatawanyika au linabaki chini zaidi. Mvuvi akihesabu gharama za mafuta ya injini na posho ya vijana wake, anaona heri abaki nchi kavu. Ndiyo maana kwa siku kadhaa kabla na baada ya mwezi mpevu mitumbwi mingi hulala ufukweni. Utawaona wavuvi wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi, wanapumzika na familia zao.

Mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu, na unaweza kuusoma kwa macho bila kalenda. Siku ya mwezi mpevu, unachomoza jua linapozama na kukaa angani usiku kucha. Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Kuanzia hapo unachelewa kuchomoza kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo baada ya siku nne au tano kunakuwa na saa kadhaa za giza mwanzoni mwa usiku, na wenye haraka huanza kuingia ziwani. Mwezi ukiwa mchanga, ule mwembamba unaozama mapema jioni, jua kwamba neema imefika. Nilipolielewa hili nikaacha kuuliza bei barabarani. Natoka nje usiku, natazama juu, najua kesho kukoje.

Hapa niseme kidogo kuhusu dagaa wenyewe, kwa sababu wageni wengi kutoka Mwanza hufika wakiwa na mazoea ya dagaa wa kwao na kushangaa tofauti. Si maneno ya watu wa Kigoma kujisifu. Dagaa wa Ziwa Victoria ni wa ukoo mwingine kabisa, wako karibu na samaki wa jamii ya kuyu na ningu. Wa Tanganyika, wa aina mbili ambazo wataalamu huziita Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, ni ndugu wa saladini wa baharini, wale wa kwenye makopo. Jamii hiyo ina mafuta, na mafuta ndiyo yanayoleta ule utamu. Aina ya pili ilisifika hadi ikapelekwa kupandikizwa katika Ziwa Kariba miaka ya 1967 na 1968, ambako wanaiita kapenta.

Mafuta hayohayo ndiyo udhaifu wao. Dagaa mwenye mafuta akikaushwa polepole huchacha. Wakati wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, jua la Kigoma humkausha haraka na anabaki na rangi ya fedha. Masika anakauka kwa shida, rangi inageuka njano kuelekea kahawia, na harufu yake inakukwaruza puani. Ukiona rangi hiyo kwenye beseni la mama lishe, agiza maharage. Angalia pia alikokaushiwa. Aliyeanikwa kwenye kichanja ni msafi. Aliyemwagwa juu ya mchanga utamjua kwa meno, na hakuna kuosha kunakouondoa mchanga wote.

Migebuka, samaki wengine wa ziwa hili, nao wamefungwa na kamba ileile ya mwezi, kwa kuwa mgebuka ni mla dagaa. Dagaa wakikusanyika kwenye taa, naye yuko nyuma yao, na wavu mmoja huleta wote wawili. Mwezi ukitoka, wote wawili huadimika. Kuhe ni habari nyingine. Huyu ni miongoni mwa wakubwa kabisa duniani katika jamii ya sato na perege, na kwa kawaida huvuliwa kwa ndoano na nyavu za kutega, hategemei taa. Kwa hiyo utamkuta sokoni hata wakati wa mbalamwezi. Bei yake si ya kila siku, lakini kichwa cha kuhe kilichochemshwa kwa ndimu, wakiwa watu wawili wanaochangia, kinawezekana.

Mtu wa kipato cha kawaida basi ale nini siku za mwezi? Hapa ndipo wenyeji walipo na akili, na ndipo mgeni hupoteza pesa akiendelea kung'ang'ania samaki. Siku hizo nafuata maharage. Mkoa huu unalima maharage mengi, Kasulu, Buhigwe na Kibondo, na hapa mjini hayajatembea mbali. Maharage yanataka mkaa mwingi kuiva, kwa hiyo bei nzuri iko kwa anayepika sufuria kubwa, si kwa anayepika kibakuli cha watu watano. Kisha kuna kisamvu kilichotwangwa na kuungwa mawese, matembele, na dagaa wakavu walionunuliwa wakati wa giza wakahifadhiwa vizuri. Mama wa Mwanga hufanya hivyohivyo: giza likiwepo ananunua wa kutosha, anakausha mwenyewe, na mwezi ukitoka anawachanganya na kisamvu. Sahani hiyo ni 1,500. Kwa kweli naipenda kuliko ya dagaa wabichi.

Mawese yanahitaji neno lake. Kigoma ni nchi ya michikichi, kiasi kwamba kituo cha utafiti wa zao hilo, TARI Kihinga, kiko hapa mkoani. Mgeni hukutana na mafuta mekundu kila mahali, na wengine huogopa rangi. Wekundu huo ni wa asili, ni kitu kilekile kinachoipa karoti rangi yake, na mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Asubuhi ya baridi utayaona yameganda chini ya chupa kama uji mzito, nayo si dalili ya kuharibika. Cha kuogopa ni karai lenye mafuta meusi yanayotoa povu na moshi kabla hata samaki hajatiwa. Hayo yamerudiwa mara nyingi mno.

Na ugali wa muhogo una harufu. Kuna jirani yangu aliyehamia kutoka Singida, aliinuka mezani akidhani unga umeoza. Haujaoza. Muhogo, hasa ule mchungu, una sumu ya sianidi, na njia ya wazee ya kuiondoa ni kuuloweka siku kadhaa mpaka ulainike na kuchachuka, ndipo ukaushwe na kusagwa. Harufu hiyo ya uchachu ni alama kwamba kazi imefanyika. Wiki mbili tu na utaizoea. Jirani yangu sasa anaagiza wa muhogo hata mahali penye wa sembe.

Tukirudi kwenye kutafuta kibanda, njia niliyoitumia ni ya kuamka mapema. Nilikwenda mwalo wa Kibirizi alfajiri, saa 12 hivi, mitumbwi inaporudi. Pale sikununua kitu. Nilitazama wanawake wenye mabeseni, nani anachagua na nani anabeba tu alichopewa. Yupo mmoja aliyefunua matamvua ya kila mgebuka kwa kidole, akiangalia kama ni mekundu au yamefifia, akabonyeza tumbo kuona kama nyama inarudi. Wawili aliwarudisha, mwenye samaki akanuna, yeye akasubiri mtumbwi unaofuata. Nikamwamkia, nikamuuliza anapikia wapi. "Njoo saa saba, mwanangu, usichelewe, saa nane nimemaliza." Akanielekeza kwa mkono uliojaa magamba.

Hilo la kumaliza saa nane lina maana kubwa kuliko kibao chochote cha rangi mlangoni. Chakula kilichopikwa kikikaa vuguvugu kwa saa nyingi, vijidudu huzaliana. Wali ni hatari kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa kuna bakteria ambao mbegu zao haziuawi kwa kuchemshwa, na sumu wanayoiacha haiondoki hata ukipasha moto upya. Mama anayemaliza sufuria mchana hana kiporo cha kukuuzia jioni. Foleni ya mafundi, bodaboda na wapagazi wa sokoni inakuambia mambo mawili kwa pamoja: bei inabebeka, na chakula hakilali. Mimi huongeza la tatu, maji ya kunawa. Kama kuna ndoo yenye koki na sabuni, nakaa. Kama ni beseni moja la wote, naaga kwa heshima.

Kwa anayeishi nje kidogo ya mji, iwe Gungu, Katubuka au kule kuelekea Mwandiga, hesabu nauli pia. Sahani ya 1,500 mjini ukiifuata kwa bodaboda kwenda na kurudi inakuwa ghali kuliko ya 2,500 mtaani kwako. Siku za kazi nakula karibu. Jumamosi ndiyo naenda mbali, mara nyingi Ujiji, ambako mapishi ya Wamanyema yana mkono wake kwenye mboga za majani na samaki wa kuchemsha.

Kuna jambo moja ambalo mwezi haulitawali. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa upande wa Tanzania kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Ziwa hili ni la pili kwa kina duniani, mita 1,470, na mtu hudhani samaki hawawezi kwisha. Lakini hewa ya oksijeni iko tabaka la juu tu, kiasi cha mita 100 mpaka 200, chini ya hapo samaki hawaishi. Chumba wanachoishi ni kidogo kuliko nyumba inavyoonekana kwa nje. Kwa hiyo nikisikia ziwa limefungwa sinung'uniki, ingawa najua ni miezi migumu kwa wavuvi na kwa wapishi wote wanaowategemea.

Sasa nimeshanunua jiko la mkaa. Jana usiku nilitoka uani nikaona mwezi umeshavuka nusu, umenenepa upande mmoja. Bado siku chache tu mitumbwi ilale. Kesho alfajiri nashuka Kibirizi na mfuko, nichukue sado moja, kile kindoo cha kupimia sokoni, ya dagaa wakavu wa kichanja kabla bei haijageuka.