Je, wajua kwa nini Abraham Lincoln aliruka dirishani akiwa mbunge, na kwa nini haikumsaidia?

Jumamosi, 5 Desemba 1840, mjini Springfield, jimbo la Illinois, wabunge watatu walifungua dirisha la ukumbi wao wakarukia nje. Mmoja alikuwa Abraham Lincoln, wakili wa miaka 31 aliyekuwa ameanza kipindi chake cha nne katika bunge la jimbo.

Kwa muda mrefu niliamini, na nikawasimulia wengine, kwamba aliruka ili kuvunja akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa ili bunge liweze kuamua jambo, na kwamba alifaulu. Nia yake ilikuwa hiyo kweli, lakini hakufaulu. Kosa langu lilitokana na kudhani kwamba akidi ni idadi ya watu waliomo ukumbini kila dakika.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa fedha. Benki ya Jimbo ilikuwa imeruhusiwa kuacha kwa muda kubadilisha noti zake kwa sarafu za fedha na dhahabu, na ruhusa hiyo ingekoma mkutano wa bunge uliofuata ukifungwa. Gavana Thomas Carlin akaitisha mkutano maalumu, wiki mbili kabla ya ule wa kawaida. Chama cha Democratic kikataka ufungwe rasmi, uhesabike kuwa mkutano kamili, benki ianze kulipa. Chama cha Whig, chake Lincoln, kiliitetea benki, kikataka mkutano usifungwe bali uungane na ule wa kawaida ulioanza Jumatatu.

Katiba ya jimbo ilidai theluthi mbili ya wajumbe wawepo, yaani 61 kati ya 91. Chama cha Democratic kilikuwa na wengi, lakini peke yake hakikufika hapo. Whig wakatoka nje. Wakawaacha wachache ndani, Lincoln na Joseph Gillespie wakiwamo, kazi yao ikiwa kudai kura ipigwe kwa kuita majina ili upungufu uonekane wazi. Wachache hao nao walihesabiwa, na ghafla wakagundua kwamba akidi imetimia.

Hapo ndipo ufahamu wangu ulipobadilika. Katika mpira, timu ikibaki na wachezaji sita uwanjani, mchezo hauwezi kuendelea, kwa sababu mwamuzi anahesabu waliosimama mbele yake. Bunge linafanana zaidi na kikao cha harusi. Katibu anapitisha daftari la mahudhurio, unaandika jina lako, halafu unatoroka kwa mlango wa nyuma kabla ya ahadi za michango kutajwa. Umeondoka, ndiyo, lakini muhtasari utasomeka kwamba ulikuwepo, na yaliyopitishwa yamepitishwa ukiwepo. Lincoln alijaribu mlango, ukamshinda, ndipo akainua dirisha, Gillespie na Asahel Gridley wakamfuata. Miguu yao ilipogusa ardhi, majina yalikuwa yameshaandikwa. Mkutano ukafungwa.

Kuna kosa jingine linalorudiwa sana: kwamba aliruka kutoka ghorofa ya juu ya jengo la bunge. Jengo lile lilikuwa bado linajengwa, na wabunge walikuwa wakikutana kanisani. Lincoln alikuwa na urefu wa karibu sentimita 193, na gazeti la upande wa Democratic liliandika kwa dhihaka kwamba miguu yake ilikaribia kufika chini kutoka dirishani. Likapendekeza jengo jipya liongezwe ghorofa, ili siku nyingine wabunge walazimike kuteremkia bomba la maji ya mvua.

Habari ya mlango naishika kwa tahadhari, kwa kuwa imetoka kwa Gillespie mwenyewe, aliyeisimulia Lincoln akiwa ameshafariki, zaidi ya miaka 25 baada ya tukio. Kuruka kwenyewe hakuna shaka, maana magazeti ya siku zile yaliliandika.

Benki haikuokoka; ilianguka mwaka 1842. Kwa mujibu wa Gillespie, Lincoln aliijutia siku ile daima, kwa sababu hakupenda chochote chenye harufu ya uasi dhidi ya utaratibu. Miaka 20 baadaye, mji ule ule wa Springfield ukiwa bado ndio makazi yake, alichaguliwa kuwa rais, na majimbo ya kusini yakaanza kujitoa katika muungano.