Siku zinapopotelea kwenye ombi la mkopo

Muulize meneja yeyote ombi la mkopo huchukua siku ngapi, atakutajia wastani. Kwa sisi tunaofanya uchimbaji wa michakato, yaani kufuatilia jinsi kazi inavyokwenda kweli kwa kusoma kumbukumbu za mifumo ya kompyuta, wastani huo ndio wa kwanza kutiliwa shaka.

Malighafi yetu ni vitu vitatu tu: namba ya ombi, hatua iliyofanyika, na tarehe na saa yake. Mifumo mingi ya ofisini huviandika kimyakimya watu wanapofanya kazi. Programu kama ProM ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven, au PM4Py ya bure, huvipanga na kuchora ramani ya njia ambazo maombi yalipita kweli, hata zile ambazo mwongozo hauzitambui.

Data ninayopenda kufundishia ni ya mashindano ya BPI (Business Process Intelligence) ya 2012, ya kuchambua data za michakato ya kazi, kutoka taasisi moja ya fedha ya Uholanzi: maombi 13,087, matukio 262,200. Ukiyapanga kwa njia yalizopita, njia iliyopitwa zaidi ina maombi 3,429, nayo ni fupi mno: limewasilishwa, limekataliwa. Zaidi ya robo ya maombi yote! Yachanganye na yale yaliyokaa wiki kadhaa, na wastani utakaopata haumhusu mteja hata mmoja. Yatenge kwanza.

Utamu uko kwenye kazi za maofisa, kwa sababu huwekewa alama tatu: imepangwa, imeanza, imekamilika. Iliyopangwa na haijaanza, hiyo ni foleni ya ofisi. Lakini iko pia hatua ya kumpigia simu mteja aliyekwisha kutumiwa ofa. Simu yenyewe ni ya dakika chache. Kati ya simu moja na nyingine ndipo siku zinapokwenda. Ramani itapaka hapo rangi nyekundu, na bosi atataka kuajiri. Aajiri wa nini? Mpira uko kwa mteja, pengine bado analinganisha riba. Labda kinachohitajika ni ofa inayosomeka.

Tahadhari moja: ofisa akifungua skrini kisha akaenda kunywa chai, mfumo unahesabu yuko kazini.

Katika data hii maofisa wamegeuzwa namba tangu mwanzo. Kwa data za wateja wangu nayaficha majina mwenyewe kabla ramani haijafika mezani kwa bosi, la sivyo kikao kizima kitakuwa cha kutafuta mchawi.